Jeneza Ulilonitengenezea

Arua, Jumatatu asubuhi

Kaka yangu Lemi,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Lurujo. Mama anaendeleaje na magoti yake? Mihogo mmeshavuna? Mimi ni mzima, na najua habari hiyo itakushangaza kidogo. Nina ombi, lakini nitalisema mwisho, kwa maana ukilijua mapema hutasoma yaliyobaki.

Tangu wanikate titi, mkono wangu wa kushoto ulikuwa haufiki hata kichwani. Nesi wa kliniki alituambia tutembee kila siku, na tupandishe vidole ukutani polepole. Tulikuwa wawili wenye ugonjwa huo, mimi na Driciru, mjane kutoka kijiji cha Aroi aliyekuwa akikaa kwa mwanawe, nyuma ya chumba nilichopanga. Asubuhi tulitembea hadi kwenye pampu ya maji na kurudi, kisha tukasimama ukutani kwangu na kuchora kwa mkaa pale vidole vilipofika. Tulikuwa kimo kimoja, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumdanganya mwenzake. Nikilegea, alinitukana. Sikupata msaada mwingine ulionifaa kama matusi yale.

Ndugu mlikuja, sikatai. Wewe ulikuja na sukari. Nilikuwa nimefumba macho, nikasikia bati baridi likinigusa unyayo. Nilipoyafumbua, futi yako ya useremala ilikuwa mkononi mwako. Ukasema, "Mimi napima kitanda. Nataka tengenezea wewe ingine."

Nikakushukuru, Lemi. Mkeo ndiye aliyeniambia kwenye simu kwamba jeneza langu limelala jikoni kwenu na kuku wanatagia ndani. Nililia siku mbili. Siku ya tatu Driciru akaja, akaisikia habari, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia nivae viatu.

Sasa sikia ya kwake. Watu walimsema mwanawe kwamba anamwacha mama mgonjwa azurure barabarani. Akamfichia kandambili, akawa anampelekea chakula kitandani. Nilipokwenda kumwita, kijana alisimama mlangoni.

"Mama iko mgonjwa," akaniambia. "Yeye natembea, watu nasema sisi hapana chunga yeye."

Driciru aliniita kutoka ndani. Nikajibu kwamba nitarudi kesho. Nilirudi mara mbili, mlango umefungwa. Baada ya hapo nilitembea peke yangu, tena nilipitia upande wa pili wa barabara nisimsikie akiniita. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo nilivyofanya.

Ugonjwa ulimrudia. Sisemi kitanda ndicho kilichomuua, labda angekufa hata akitembea. Ila alikufa jana, na sikuwepo kumtukana ainuke.

Anayekuletea barua hii ni shemeji yake, ana pikapu. Mpe lile jeneza. Kwa mwanawe hakuna hata ubao mmoja, na mazishi ni kesho Aroi. Toa mayai kwanza, ulifute vizuri. Mimi nitakwenda huko kwa miguu, hata nikifika wa mwisho.

Nisalimie Mama, na mkeo ambaye hakunificha kitu, na shangazi yetu anayeniombea nife salama. Mwambie aombe kitu kingine.

Shemeji akikuuliza vipimo, mwambie aje aone alama zetu za mkaa ukutani, ziko sawasawa. Ulipima vizuri.

Dada yako,
Kiden