Chapa ya Mlango wa Redio

Kakuma, 8 Machi 1976

Baba Nakuleu,

Binti yako amekojolea mchoro wako wa kwanza sasa hivi, akaupigia makofi. Nimeuanika juu ya miiba. Ejok, salamu nyingi! Sisi wazima, mtoto ameota meno mawili ya chini. Kifua chako kimepona? Na Opondo mwenzako anakula?

Michoro yote mitatu ya alama ya kampuni yenu ya redio nimeionyesha kisimani kama ulivyoomba. Huo wa radi mama yako ameukataa: "Nani atapeleka redio yake ikatengenezwe kwa radi?" Wa sikio kubwa, wanawake walicheka mpaka madebe yakamwagika. Mmoja wao, Akidor, akauliza kama mnatibu masikio. Wa tatu, mlingoti na pinde mbili kila upande, ni mzuri, naona kama sauti inatoka. Lakini usiutumie. Ni chapa ya ng'ombe wa mzee Etabo, vilevile kabisa. Chochote chenye hiyo chapa watu watasema ni cha Etabo.

Chora wa nne, tafadhali. Nataka watu waijue kampuni upesi, nije nikae kile chumba cha nyuma ulichosema ni chetu. Nimechoka kumwonyesha mtoto baba kwa picha.

Ni mimi,
Mama Nakuleu

Lodwar, 20 Machi 1976

Mama Nakuleu mpenzi,

Hayo meno yamenifurahisha sana. Kifua kimepona, tatizo ni joto tu la huku.

Barua yako imekuta tumeshapaka mlango mzima, huo mchoro wa tatu. Nilipomsomea Opondo akacheka: "Shemeji anaogopa ng'ombe? Sisi tunatengeneza redio!" Tukauacha.

Sasa hacheki. Vijana wanne wa Etabo walifika na mbuzi kutoka Lokiriama, wakaona mlango, wakaingia. Wanasema penye chapa ya baba yao ni nyumbani. Wanalala chumba cha nyuma, hicho chako. Ni watu wazuri, wanaimba pamoja na redio, lakini mteja akija wanamwambia, "Karibu kwa Etabo." Nikitaka kufuta, wanasema nafuta ng'ombe wa baba yao. Nikuite ulale wapi? Ulisema kweli. Nifanyeje?

Opondo anakusalimu, kwa sauti ndogo.

Baba Nakuleu

Kakuma, 4 Aprili 1976

Baba Nakuleu,

Pole, lakini nimecheka kwanza. Sisi salama, mtoto anatambaa kama mjusi.

Nilimpelekea mzee Etabo tumbaku, nikamweleza yote. Halafu akauliza, "Hiyo redio inasema kutoka nyumba yenye chapa yangu?" Nikaona anaipenda, hataki ifutwe! Nikamwambia, "Baba, kijana wako akianza boma lake, si unamwongezea mstari kwenye chapa? Tuongezee na sisi." Akachora mchangani kwa fimbo, duara juu ya mlingoti. Amesema hiyo sasa ni yenu, na hakuna wa kulala humo kwa jina lake. Nimeichora huku nyuma ya karatasi. Mwambie Opondo aongeze duara tu, asiguse kingine.

Vijana hawataamini karatasi, kwa hiyo mzee anakuja mwenyewe kuwatoa. Lori la mahindi limesimama hapa, yeye yuko juu ya magunia tayari. Nilitaka nimpe barua hii tu, lakini anapiga kelele huko: "Mama Nakuleu! Nyumba ina mwenyewe, mimi nibebe karatasi ya nini? Leta mtoto, panda!" Mama yako ameshanifungia nguo. Baba Nakuleu, toa vyuma vya moto mnavyochomelea redio mahali mtoto anaweza kufika, na ufagie vizuri, mimi na mtoto tunakuja na barua hii mkononi. Lori linanguruma, napanda!