Ejo

Kasulu, Jumatano, Juni 1974

Nimejitia kujua Kiha! Juzi wakulima walileta magunia hapa kwenye ushirika, wakaniuliza habari za lori la maharage. Nikajibu kwa madaha, “Ejo.” Wakadhani limeshapita, wakarudi na magunia yao nyumbani. Jana lori likafika, halikukuta hata gunia moja, likaondoka tupu.

Leo mwenyekiti wetu, Mama Anastazia, amecheka mpaka machozi. “Meneja, kesho ni ejo, na jana nayo ni ejo. Si ungesema Kiswahili tu?”

Nimekereka. Lori jingine sijui hata…

Ila neno lenyewe limeniganda. Mke wangu, Zuhura, yuko Tanga. Ejo nilikuwa naye, ejo nitakuwa naye. Ninachokosa ni leo.