Kikombe Kilichokaa kwa Kassim

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimefungua duka kama kawaida. Kontena la Mzee Vinod, tajiri anayenipa mzigo, limetoka bandarini, kwa hiyo spoku zipo, tairi zipo, pampu zipo. Zamani tulipanga foleni kwa ajili ya tyubu moja. Siku hizi vitu vimejaa mtaa wetu wote wa Gerezani, wa kutafutwa ni mnunuzi. Nimepanga minyororo ukutani. Mteja wa kwanza kauliza pedeli, kaishika, kaisifia, kaondoka.

Gazeti nimelisoma kwa muuza kahawa. Ukurasa wa nyuma: Kassim amefungiwa miaka miwili kwa dawa za kuongeza nguvu. Nimecheka mpaka kahawa ikanipalia. Kassim aliacha mbio kitambo, anaendesha teksi, kituo chake Mnazi Mmoja. Unamfungia nini mtu mwenye kitambi kile? Baiskeli yenyewe ingemkataa.

Halafu mstari wa chini. Mbio za Morogoro–Dar za mwaka 1991: ushindi wake umefutwa.

Wa pili nilikuwa mimi.

Nimerudi dukani. Nimeishusha minyororo yote, nikaipanga upya.

Jumanne, 7 Machi

Mtaa mzima unajua. Hapa jina la Elibariki walishalisahau, naitwa Wapili. Leo kila anayepita ana lake. "Oya Wapili, sasa tukuiteje?" Fundi wa jirani kapiga spana kwenye ringi kama kengele mpaka mchana.

Nimecheka nao. Moyoni nina hasira.

Siku ile ya mbio, tangu Kimara tulikuwa wawili tu, mimi na Kassim. Mimi wa timu ya Mzee Vinod, yeye wa timu ya kampuni moja ya kigeni ya kuuza rangi. Tukashuka Jangwani bega kwa bega. Kwenye mwinuko wa kwenda Faya akaniacha kama nimefungwa kamba. Na pale si mlima. Mama wa vitumbua anapanda na beseni kichwani, anaongea.

Nikasema basi, miguu imekwisha. Mwezi ule ule nikaacha mbio. Nilikuwa bado kijana. Hicho ndicho kinachoniuma, kikombe baadaye.

Alhamisi, 9 Machi

Chama cha baiskeli. Katibu ni mpya, ana tai na feni ya mezani. Kasema mkojo wetu wa siku ile, wa watatu wa mwanzo, ulipelekwa Ulaya. Kampuni ile ya rangi na chama wakavutana nani asimamie vipimo, chupa zikabaki kwenye friji. Sasa zinafunguliwa. Ya Kassim imesomwa. Yangu bado.

"Ikija safi, kaka, kikombe chako."

Nikamjibu mimi ni safi, asiwe na wasiwasi. Nikatoka kifua mbele.

Kwenye ngazi nikakumbuka unga.

Kila asubuhi ya mashindano Mzee Vinod alitunywesha maziwa ya moto yenye unga wa njano. Mkewe, Mama Hansa, marehemu sasa, ndiye aliyeutengeneza. Ulikuwa unawasha koo na kutoa jasho masikioni. Tulikunywa, tukashinda. Hakuna aliyeuliza ndani kuna nini. Nani amuulize mama anayekupa maziwa?

Ninaogopa. Sijawahi kuogopa hivi hata kwenye mteremko.

Ijumaa, 10 Machi

Nimeenda Mchafukoge, dukani kwa tajiri. Mzee Vinod alikuwa na simu yake mpya ya mkononi, anaizungusha juani apate mtandao. Shikamoo. Marahaba. Nikauliza kuhusu unga.

Alicheka. Alipoona mimi sicheki, akanuna.

"Yaani mama yako alikupa madawa? Eli, mimi nikulipe mshahara, nikuozeshe, halafu uje dukani kwangu kumkosea marehemu?"

Hakuniozesha, alitoa ukumbi tu. Lakini hapo sikubishana. Nimetoka bila jibu. Nimeona aibu.

Jumapili, 12 Machi

Kanisani. Mchungaji kanipongeza mbele ya waumini wote. Makofi. Nilitamani benchi linimeze.

Mama Neema amenunua kitenge cha siku ya kikombe. Nikamwambia asikikate kwanza. Amekikata.

Nikamweleza habari ya unga. Mke wangu haogopi kitu. Kasema yeye alikunywa yale maziwa wakati wa mimba ya Neema, na mtoto alizaliwa mzito. Sasa mimi ndiyo nimezidi kuogopa.

Jumatano, 15 Machi

Kassim kaja. Kaegesha teksi mlangoni, katoa kitu kimefungwa kwenye khanga. Kikombe. Mama yake alikuwa amekichomekea maua ya plastiki.

Nilishika upau wa kutolea tairi. Naandika ukweli, nilitaka kumpiga nao.

Kasema daktari wa timu aliwachoma sindano na kuwaambia ni vitamini. Kisha: "Nilijua si vitamini, Eli. Pale kwenye mwinuko niligeuka nikakuona, nikajua kabisa hapa nakuibia."

Miaka hii yote tunapishana Msimbazi, ananipungia mkono!

Sikukipokea. Nikamwambia akae nacho mpaka chupa yangu isomwe. Alishangaa. Sikumweleza kwa nini. Alininyooshea mkono wa samahani, nikaushika kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Alipoondoka niligundua ameegesha juu ya spoku zangu. Zimepinda zote.

Jumanne, 21 Machi

Hakuna majibu. Mvua. Jangwani maji yameanza kutuama.

Mzee Vinod amekuja mwenyewe Gerezani. Huwa haji, anasema matope yetu yana grisi. Kakaa kwenye kreti la soda, tai imelegea, mzee kabisa. Kumbe hajui ndani ya unga kulikuwa na nini. Hajawahi kujua. Mkewe alikuwa anausaga jikoni mlango umefungwa, naye hakuuliza.

"Wakisema ni dawa, Eli, watasema alikuwa anawalisha watoto wake sumu. Hayupo wa kujitetea."

Shemeji yake wa Tanga anaujua ule unga. Simu anayo mkononi. Anaogopa kupiga.

Nilikuwa nafikiri ninalipigania jina langu peke yangu. Tumekunywa chai. Nimemsindikiza mpaka barabarani nimemshika mkono, asiteleze.

Alhamisi, 23 Machi

SAFI.

Katibu kanisomea faksi mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikusikia. Hakuna kitu. Mkojo wangu ni mkojo. Nimembusu katibu kwenye upara, Mungu anisamehe.

Nimekimbia kwa miguu mpaka Mchafukoge, mvua inanyesha, kandambili moja imekatika njiani. Nikaingia dukani kwa Mzee Vinod nachechemea. Hakuhitaji kuuliza. Alilia pale pale mbele ya wateja, akisema jina la mkewe.

Ndipo akapata ujasiri wa kupiga Tanga. Shemeji kajibu kama mtu aliyeulizwa rangi ya maji. Manjano, tangawizi, pilipili manga, sukari guru. Wanawapa watoto wakiwa na mafua.

Dawa ya mafua! Milima yote ya Morogoro, Chalinze na jua lake, nimeendesha kwa dawa ya mafua ya watoto! Mzee Vinod alicheka mpaka akashika kaunta. Nami nikacheka. Halafu kitu kimoja kikaniingia taratibu na hakijatoka hadi sasa: kama unga haukuwa kitu, basi ile miguu ilikuwa yangu.

Jumamosi, 25 Machi

Siku gani hii!

Chama kilitaka nikabidhiwe kikombe ofisini. Gerezani wakakataa. Wamechanga, wamekodi pikapu na matarumbeta ya harusi. Mama Neema na kitenge chake mbele, vigelegele. Mzee Vinod kasimama juu ya pikapu kwa suti, anagawa ladu, vile vitamu vya Kihindi, kwa kila mkono unaonyooshwa. Tumezunguka Kariakoo nzima. Wauza mitumba wamerusha mashati juu, wengine hawajayaona tena.

Jukwaa lilikuwa Mnazi Mmoja, pale pale mbio zilipoishia. Katibu akasema kikombe kiletwe. Hakuna kikombe. Kassim amefungiwa, haruhusiwi kukanyaga shughuli ya chama. Alikuwa ng'ambo ya barabara, kaegemea teksi, khanga kifuani.

Katibu akataka kutuma mtu. Nikasema hapana. Nikashuka jukwaani, nikavuka barabara mwenyewe. Matarumbeta yakanyamaza.

Kassim alikuwa amekisugua, kinang'aa, maua hakuna. Kakitoa kwa mikono miwili.

"Hongera, wa kwanza."

Nikakipokea. Sikusema nimesamehe, kwa sababu sijamaliza. Nilimshika bega. Nikakiinua pale pale, upande wake wa barabara, na Mnazi Mmoja yote ikalipuka. Nimebebwa juu juu. Nimelia, nimeonekana, sijali. Nyuma yetu Kassim akaingia kwenye teksi akashika honi, hakuiachia mpaka tumekata kona.

Jumatatu, 27 Machi

Mvua imekata. Alfajiri nimeshusha baiskeli yangu ya zamani darini kwa Mzee Vinod. Amenisubiri mlangoni na kikombe cha maziwa ya njano. Nimekunywa. Bado yanawasha.

Nimeshuka mpaka Jangwani. Barabarani bado kuna tope, vyura wanalia. Nikageuza. Mama wa vitumbua alikuwa anaanza kupanda na beseni lake, tukasalimiana.

Nimepanda mpaka Faya bila kushuka. Mama wa vitumbua kanipita. Juu nimetapika maziwa yote, nikakaa kwenye ukingo wa mtaro, nikanyoosha miguu.

Nimeipapasa. Nimeiomba radhi.

Kisha nikaenda kufungua duka.