Picha Isiyo na Mshale

Jumatatu, 9 Machi

Shingo inaniuma. Kutwa nzima natundika picha za Babu Mkaa. Si babu yangu wa damu — ila maonyesho ya kwanza kabisa ya nyumba hii ya sanaa ya Shangazi yalikuwa yake, kabla sijazaliwa, na nilipozaliwa akanibeba mgongoni humu humu ndani. Mzee huyu haandiki jina mbele ya picha. Nyuma ya turubai huchora mshale kwa mkaa: juu ni huku. Basi. Ndiko jina lilikotoka.

Leo ile kubwa imekuja bila mshale! Nimegeuza, nimefuta vumbi, nimemulika kwa simu — hakuna kitu. Upande mmoja weusi mzito, upande mwingine njano inayofifia. Juu wapi, chini wapi? Nimempigia, hapokei. Shangazi akapita na chai yake, akasema weusi uwe juu, kama wingu la mvua. Haya. Weusi juu. Nimeondoka sijaridhika.

Jumanne, 10 Machi

Balaa! Bibi, mke wa Babu Mkaa, kanitumia picha kwenye simu. Babu kakaa karakana kwake, nyuma yake ile kubwa imeegemezwa ukutani. Weusi uko chini!! Nimeitundika kichwa chini miguu juu.

Nikakimbilia ngazi. Shangazi akaniwahi: shuka. Kwanza, tangazo limeshatoka na picha ikiwa hivyo hivyo. Pili, nani kasema huko karakana ndiko ilikoegemezwa sawa? Mwenyewe anakuja kesho, tutamuuliza. Pengine Shangazi kasema kweli. Au sivyo? Nimeshuka.

Huyu ni mzee aliyewahi kung'oa maonyesho mazima, kisa picha moja imepinda kidogo. Kesho nitakiona cha mtema kuni.

Jumatano, 11 Machi

Sikukiona. Ndiyo maana sielewi chochote.

Kaja ameshika mkono wa Bibi, shati limenyooshwa vizuri. Nikamwamkia, shikamoo Babu. Akaitika: marahaba, bosi. Bosi! Bosi ni Shangazi, miaka yote. Nikacheka, maana mzee kwa utani hajambo. Yeye hakucheka.

Bibi akamfikisha mbele ya ile kubwa. Kasimama. Mimi roho juu juu, ngazi iko tayari pembeni. Kisha akasema mmeitundika vizuri.

Vizuri?! Nikamuuliza, Babu, ndivyo inavyotakiwa kuwa? Akasema, kwani wewe unaionaje? Bibi akaangalia sakafu.

Ananijaribu? Kanikasirikia kimya kimya? Au iko sawa kweli na mimi ndiye niliyekosea? Nimeshinda nageuza simu juu chini, juu chini, mpaka Shangazi kaniuliza kama nimerogwa.

Alhamisi, 12 Machi

Ufunguzi. Watu wamejaa mpaka mlangoni. Akaja Mama wa Makumbusho — ndiye anayechagua picha za kwenda huko. Kasimama mbele ya ile kubwa, hasogei. Akasema anaitaka, ikae ukumbi wa kuingilia, ikae moja kwa moja. Shangazi akabandika kile kibandiko chekundu, kwamba imeuzwa.

Nikamvuta Bibi stoo. Nikamwambia, Bibi, ile picha iko kichwa chini. Akasema anajua. Akaniuliza: nilikutumia picha kwenye simu makusudi, mbona hukuigeuza?

Halafu akaziba uso kwa viganja. Mjukuu wangu, akasema, Babu yako haoni. Anaona mwanga tu, na kivuli. Ile kubwa aliimalizia kwa vidole, na ndiyo ya mwisho. Mshale aliuchora, nilikuwepo — ila mkononi alishika kijiti cha brashi, akidhani ni mkaa. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Akaniapisha nisimwambie Shangazi. Babu anasema aibu anaiweza, huruma ya bosi haiwezi.

Nimelia kama mtoto. Kisha nikanawa uso nikarudi kugawa vinywaji.

Ijumaa, 13 Machi

Nikiigeuza, watauliza: mwenyewe si alisimama pale akasema vizuri? Watajua. Nisipoigeuza, picha yake ya mwisho itakaa makumbusho kichwa chini, watoto wa shule waletwe kuitazama. Nifanyeje?

Shangazi namchunguza. Asubuhi kaondoa kiti kilichokuwa katikati ya njia, bila sababu. Anajua? Au kiti ni kiti tu? Kila mtu humu ananificha kitu, na mimi namficha kila mtu. Akili imegoma.

Jumamosi, 14 Machi

Naandika stoo, mbio mbio. Nimetumwa ngazi.

Mama wa Makumbusho kaja kuichukua, na dereva wake. Babu na Bibi wapo. Mama akamwomba Babu aieleze picha kwa maneno yake mwenyewe. Babu akasogea, akanyoosha mkono: hapa chini, huu weusi, ni udongo. Ukipanda juu, kunapambazuka.

Mkono wake uko kwenye njano.

Mama akatazama picha, akatazama mkono. Bibi kashika kifua.

Shangazi akacheka! Kile kicheko chake cha wageni. Jamani, akasema, huyu binti yangu ni janga, kaitundika kichwa chini, na mzee kwa ustaarabu wake kamstahi! Akanigeukia: we mtoto, lete ngazi. Macho yamemjaa machozi.

Kumbe anajua. Tangu lini? Tangu kile kiti? Tangu sasa hivi? Nimkumbatie au nimng'ate, sijui! Mama wa Makumbusho akaniuliza ana kwa ana: ni kweli, kosa ni lako? Nikasema naleta ngazi.

Nikitoka nitasema ndiyo. Ni mimi, macho yangu ndiyo mabovu, nitacheka na kicheko nitakitafuta. Lawama naibeba, si nzito. Imradi wasimtazame yeye tu.

Hawakuningoja. Nawaona kwenye upenyo wa mlango, Shangazi na dereva wameshaishusha. Pole pole, shika huku, haya. Wameirudisha ukutani. Weusi chini. Mungu wangu, ni nzuri! Udongo kweli, na kunapambazuka kweli. Hata Mama kaweka mkono mdomoni.

Babu kasimama mbele yake kabisa, pua karibu iguse turubai.

Anauliza, kwa sauti, kila mtu anamsikia: mmeshaigeuza?

Nabeba ngazi, natoka.