Shamba la Bura

Tunduma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje huko Tumati, na mguu unasemaje kwa baridi hii? Mimi ni mzima wa mwili, moyo ndio mgonjwa. Wiki nzima napiga simu hupokei, ndiyo maana naandika. Shemeji Yuliana, najua wewe ndiye utakayemsomea mama. Tafadhali usiruke mstari, hata ule wa mumeo utakaokuumiza.

Mjomba amenieleza yote. Gari la ofisi yetu ya kudhibiti dawa za kulevya lilisimama nyumbani, ukaona nembo ile ile iliyo kwenye shati langu. Ukafurahi, ukasema, "Karibuni wanangu, ninyi ni ndugu wa Paskali." Ukawapa maziwa. Na kwa kuwa kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, ukawapeleka mwenyewe shambani kwa mdogo wangu Bura wakavune mahindi mabichi. Hukujua kwamba katikati ya mahindi yale amepanda bangi. Wakaiona, wakamkamata.

Sijui kama wangefika kule bila wewe, na sitakudanganya. Lakini hukumuuza mwanao, mama. Ulikirimu wageni tu.

Na yule mjinga! Kila nikimwonya alikuwa akinicheka: "Kaka, ninyi mnatafuta wakubwa, sisi wa Mbulu mtatuona wapi?" Nikikumbuka kicheko chake nalia, mtu mzima na sare yangu.

Mjomba anasema unataka niwaombe wenzangu wamwachie. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, siwezi kukuambia unyamaze. Ila hapa mpakani nimekamata watoto wa mama wengine. Wamenipigia magoti, sikuwaachia. Leo nikamwombee wa kwetu kwa mdomo gani?

Nimeomba ruhusa kazini. Nitakuja, nitamtafutia wakili, na siku ya mahakama nitakaa benchi moja nawe. Ukinifungia mlango, nitalala kwa mjomba.

Nisalimie mjomba, na shangazi wa Endagikot aliyetulea. Watoto wa Bura wakumbatie kwa niaba yangu, maana sijui niwaambie nini.

Nasikia umeuliza: kama Paskali angekuwa ndani ya gari lile, angefanya nini? Nimejiuliza hilo mpaka nimechoka. Ningemfunga pingu, mama. Ningelia mbele yako na mbele ya wenzangu, lakini ningemfunga.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo,
Paskali