Kiapo Nilichokula Juu Yako, Hooyo

Hooyo, mama yangu mpendwa,

Tangu tukuzike sijakuandikia hata mstari, na leo nakuandikia kwa aibu.

Unaukumbuka mwaka ule mbuzi wetu walipokwisha kule Sangailu, huku huku Kenya? Ulinibeba mgongoni, mtoto wa miaka saba mzima, hadi kambi ya wakimbizi. Njiani ukanifunza: "Ukiulizwa, sema tumetoka Kismayu. Na usicheke." Mbele ya karani nilicheka. Ukanifinya paja, nikalia, karani akatuhurumia, akatuandika upesi. Wakachukua alama za vidole vyangu, wakatupa unga na mafuta. Siku hiyo ulinipikia anjera, na hukutia kitu mdomoni hadi niliposhiba.

Kisha ukauza maziwa ya ngamia hapa Garissa mpaka ukajenga nyumba yetu ya vyumba viwili. Kambi tukaisahau. Kompyuta haikusahau. Nilipokwenda kuchukua kitambulisho nikaambiwa mimi ni mkimbizi. Ulizunguka maofisini kwa ajili yangu miaka mingi, na umekufa bado unazunguka.

Sasa Kadhi ametugawia nyumba: nusu yangu, nusu ya kaka yako, Abti Yusuf. Bila kitambulisho siwezi kuandikishwa, na Abti amechoka kungoja. "Wacha iandikwe yote kwa jina yangu," anasema, "sisi tutajuana baadaye." Namjua vizuri. Hatutajuana.

Jana nikaenda kwa wakili. Akasema njia ipo: nile kiapo kwamba mimi ni Mkenya, na kwamba marehemu mama yangu alidanganya ili apate posho. Nikamsihi aandike pia kwamba tulikuwa na njaa.

"Walaal, ndugu yangu, hapa inaandikwa kosa tu," akanijibu. "Njaa haina nafasi kwa hii fomu."

Nikamuuliza kama naweza kusema mimi ndiye niliyedanganya. Akavua miwani. "Ulikuwa na miaka saba, walaal."

Nilitia sahihi, Hooyo. Muhuri umepigwa. Huenda nyumba yako ikabaki kwa wajukuu wako, na roho yangu inauma, kwa maana sijapata kumjua mtu mkweli kukushinda. Tangu jana nikiinua mikono kukuombea dua, nakuomba msamaha kwanza.

Lala salama. Na ukiulizwa huko uliko, Hooyo, yaseme yote ambayo mimi sikuruhusiwa kuyaandika.

Bintiyo, wa pekee