Tai ya Wekesa

Mama yangu mpenzi,

Hapa Huruma baridi imezidi, lakini tumbo langu halilalamiki. Kaka Wekesa, tangu apunguzwe kazi ofisini, anakaanga mandazi nje ya ploti. Siku ya kwanza bwana mkubwa alitoka na shati jeupe na ile tai uliyomnunulia. Kina mama wa mboga wakadhani ni askari wa kanjo, wale wa jiji wanaofukuza wachuuzi, wakabeba nyanya zao mbio! Hakuna aliyenunua. Nilidhani atakata tamaa, lakini asubuhi iliyofuata akavaa aproni yangu ya maua. Kina mama wale wale wakamcheka, halafu wakanunua yote.

Usimwombee tena arudi ofisini, Mama. Mwombee karai kubwa. Na tai yako usijali, anaitunza: inafunga gunia la makaa.

Nakukumbatia,
Nafula